Ratiba Ikivunjika Njiani: Mwongozo Kamili wa Safari ya Gari ya Kupanda Milima Mkiwa Wawili

Jioni ile tukiwa Saddle, kibanda cha pili cha Mlima Meru, mwenzangu alilisukuma bakuli la supu pembeni bila kulionja. Namfahamu tangu kidato cha kwanza na sijawahi kumwona akiacha supu. Nikamuuliza kichwa kinaendeleaje. Akajibu, "Kinagonga kidogo tu, kaka. Saa saba usiku nitaamka, twende zetu juu."

Ilikuwa siku ya nne ya safari ya siku 12. Tulitoka Dar es Salaam mwezi wa kwanza tukiwa na karatasi yenye milima mitatu: Meru, Ol Doinyo Lengai na Hanang. Kati ya hiyo mitatu tulifika kilele cha mmoja. Hata hivyo tulirudi tukiwa marafiki zaidi ya tulivyoondoka, na sababu yake naijua: miezi miwili kabla tulikaa kwenye baraza la kwao tukakubaliana mambo kadhaa. Mengine tulijifunza barabarani kwa kuumia. Yote nimeyaweka hapa kwa yeyote anayetaka kupakia mahema kwenye gari na rafiki yake, ashike njia ya Kaskazini.

Ratiba ya milima huvunjwa na mvua, mwili au gari. Hivyo vyote havizuiliki. Kinachozuilika ni ugomvi, na ugomvi huzaliwa pale watu wawili wanapolazimika kuamua jambo zito wakiwa na njaa, usingizi, na hela ambayo tayari imelipwa. Kazi yote ya maandalizi ni kuyahamisha maamuzi hayo yafanyike mapema, mkiwa chini, mmeshiba.

Kikao cha barazani, kabla ya kulipa chochote

Kaeni chini wawili tu, bila kundi la ushauri. Kila mmoja ajibu maswali matatu kwa sauti, na mwenzake asimkatize. Mlima upi ukikosekana utaniuma zaidi? Jambo gani likitokea nitataka turudi nyumbani siku hiyohiyo? Kiasi gani cha hela naweza kukipoteza bila kununa?

Swali la kwanza linaonekana jepesi, lakini ndilo lililotuokoa. Mimi nilisema Meru, nikidhani na yeye atasema Meru. Akasema Lengai. Mlima wa Mungu, kama Wamasai wanavyouita, alikuwa akiusikia tangu mdogo kwa babu yake aliyefanya kazi Monduli. Kumbe Meru alikuwa anakuja kwa ajili yangu. Ukishajua hilo unajua pia kwamba mtu wa namna hiyo, akiumwa juu ya mlima wako, ataficha.

Baada ya maswali, wekeni makubaliano. Sisi tulikuwa na haya.

Neno "basi" halijadiliwi. Yeyote akilitamka mlimani, siku hiyo inaishia hapo. Sababu zitaulizwa chini, baada ya kula. Kwa upande mwingine, anayetaka kuendelea hana neno la kumlazimisha mwenzake.

Kila siku nne, moja haina kazi. Kwa safari ya siku 12 hizo ni siku tatu tupu, na msizijaze kwa sababu tu zinaonekana wazi kwenye kalenda. Mvua, homa na fundi watazijaza wenyewe.

Mfuko wa safari ni mmoja, na ndani yake kuna bahasha ya dharura: nauli ya basi ya watu wawili mpaka nyumbani, malazi ya usiku mmoja, na hela ya kuvuta gari mpaka mjini. Bahasha hiyo haiguswi kwa nyama choma. Kinachopotea kwa sababu ya mvua, ugonjwa au gari, mnagawana sawa. Kinachopotea kwa sababu mtu kabadili mawazo tu, anakibeba mwenyewe.

Na kabla hamjalipa, ulizeni kila mahali: tarehe ikisogea, malipo yanasogea nayo? Ulizeni hifadhini, kwa mwongozaji, kwenye nyumba ya wageni, na majibu myapate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu getini. Mnalipa kwa kontroo namba au kadi, na raia hulipa kiwango cha chini kabisa akionyesha kitambulisho, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni, si kwenye begi lililofungwa juu ya keria.

Andika njia panda kwa wino, tarehe kwa penseli

Watu wengi hupanga kwa tarehe: tarehe 5 Meru, tarehe 9 Lengai. Tarehe moja ikiteleza, karatasi nzima inakufa. Panga kwa njia panda. Chukua ramani, weka alama kila mahali ambapo barabara inakupa chaguo, kisha andika: nikifika hapa na mambo yameharibika, naenda wapi?

Kwa njia ya Dar kwenda Arusha na kurudi kupitia Dodoma, alama zetu zilikuwa nne.

Mombo ni ya kwanza. Ukitokea Dar, kulia unapanda Lushoto, kilomita 30 na kitu za kona na mabonde. Kama mmeondoka mmechelewa, mmoja ana mafua, au habari za Kaskazini ni mvua tupu, kunja hapa. Milima ya Usambara haina urefu wa kumuumiza mtu kichwa, ina njia za miguu kila upande, na kutoka ukingo wa Irente, karibu na Lushoto, unaitazama nyika ya chini mpaka macho yachoke. Ukitokea usawa wa bahari, usiku mmoja au miwili Lushoto si muda uliopotea hata mkiwa wazima.

Himo ni ya pili. Hapa kulia ni Marangu. Kama Meru imeshindikana kwa sababu yoyote, kuna matembezi ya siku moja kutoka geti la Marangu, kupita msituni hadi kibanda cha Mandara kwenye mita 2,700 hivi na kreta ya Maundi iliyo karibu yake. Mnalala mjini, mwili unapata kazi, na mmeukanyaga Kilimanjaro bila gharama za siku sita.

Makuyuni ni ya tatu, na kwa safari yetu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Ukitokea Arusha, kulia ni Mto wa Mbu na Engaresero, chini ya Lengai. Moja kwa moja ni Babati. Hapo ndipo mnaamua kati ya vumbi na lami.

Ya nne ni Babati. Kulia unakwenda Katesh, mguuni mwa Hanang. Mbele ni Kondoa na Dodoma, lami mwanzo hadi mwisho, na kutoka hapo Morogoro mpaka nyumbani. Mkifika Babati mmechoka kabisa, hamlazimiki kurudi nyuma mpaka Arusha. Mkijua kwamba mlango wa kutokea upo mbele na si nyuma, hata mazungumzo ndani ya gari yanakuwa mapole.

Karatasi hiyo ikae kwenye droo ya dashibodi. Penseli nayo.

Mwili ukikataa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokufa.

Kanuni inayotolewa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mwili upewe siku ya kupumzika. Sasa tazama Meru. Geti la Momella, unapoanzia kupanda, lipo kwenye mita 1,500 hivi. Miriakamba, kibanda cha kwanza, ni mita 2,514. Saddle ni mita 3,570. Kati ya kibanda na kibanda unapanda zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni, mita 4,562. Mtu aliyetoka Dar juzi akiumwa kichwa Saddle hajafanya kosa lolote. Hesabu ndiyo ilivyo.

Ushauri wangu ni huu: siku tupu ya kwanza itumieni Miriakamba, kabla hamjaihitaji. Mlale usiku wa pili palepale, mchana mtembee kidogo kuelekea juu kisha mrudi. Mipango hiyo ifanywe wakati wa kulipa, kwa sababu vibali vina tarehe na askari wa hifadhi mwenye bunduki anayewasindikiza kwa ajili ya nyati na tembo naye ana ratiba yake. Sisi hatukufanya hivyo. Tulijiona vijana.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma pamoja na mojawapo ya haya: kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, au uchovu usiolingana na kazi ya siku. Ukiziona, usipande zaidi. Baki hapohapo, kunywa maji, kula kinachopita, lala. Zikiisha kabisa, unaweza kuendelea polepole. Zisipoisha au zikizidi, shuka. Dawa ya maumivu inatuliza kichwa, lakini haimaanishi mwili umeshazoea, na kama mnafikiria dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko, zungumzeni na daktari kabla ya safari, si na mtu mliyekutana naye kibandani.

Dalili za hatari ni nyingine: kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kuhema ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Mnashuka wakati huohuo, usiku au mvua, mgonjwa akiwa katikati na askari mbele.

Kuna kipimo kimoja kila rafiki anapaswa kukijua. Chora mstari kwenye vumbi kwa kidole cha kiatu. Mwambie mwenzako atembee hatua 10 juu yake, kila mara kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Wewe tembea kwanza, aone kwamba hujamfanya mtoto. Jioni ile nilifanya hivyo nje ya kibanda, kwa mwanga wa kurunzi, upepo ukitupiga kutoka upande wa kreta. Alizitembea zote 10 bila kuyumba. Kwa hiyo hakuwa katika hatari kubwa. Lakini bakuli la supu lilikuwa bado limejaa, na kichwa bado kinagonga.

Nikamwambia, "Kaka, mimi siendi juu leo. Basi." Nilisema mimi kwa sababu najua angesema yeye lini: asingesema. Kama mna makubaliano ya neno moja, asilisubiri mgonjwa. Mwenye nguvu ndiye aseme kwanza. Anayeumwa anahisi yeye ndiye mzigo, na mtu anayejiona mzigo hujikaza mpaka aanguke.

Mwongozaji alinipa nafasi ya kwenda kileleni na kundi jingine, mwenzangu abaki amelala. Nilikataa. Mgonjwa wa mwinuko halali peke yake, maana usiku ndio hali hubadilika, na hashuki peke yake pia.

Asubuhi kichwa kilikuwa kimeachia. Alikunywa uji vikombe viwili. Tukapanda taratibu Meru Ndogo, kilele kilicho jirani na Saddle chenye mita 3,820, mwendo wa saa moja hivi kwa mtu mzima wa afya na zaidi kidogo kwetu. Kilimanjaro ilikuwa imesimama juu ya mawingu upande wa mashariki. Kisha tukashuka tukalale Miriakamba. Kila mlima mrefu una kilele kidogo, bonde au ukingo ambao unaweza kuufikia hata siku ikiharibika. Uliza majina yake kabla hujapanda, uyaandike.

Mvua, na swali la kuuliza njia panda

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, lakini mwezi wa kwanza nao hunyesha vizuri tu. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni wakati simu inashika mtandao, hasa tahadhari za mvua kubwa. Utabiri ukishausoma, bado haujakuambia barabara ikoje. Hilo unaliuliza kwa watu.

Kosa letu la kwanza Makuyuni lilikuwa kuuliza vibaya. Tulimuuliza kijana wa bodaboda, "Njia ya Engaresero inapitika?" Akasema inapitika. Kila mtu husema inapitika, kwa heshima tu, asikuvunje moyo. Tukauliza tena kwa dereva wa lori dogo lililokuwa limepakia magunia, matope yamekauka mpaka kwenye vioo: "Samahani kaka, umetoka huko leo? Maji yamefika wapi kwenye tairi lako?" Akashuka, akainama, akaweka kiganja juu kidogo ya nati za ringi. "Hapa," akasema, "na mimi nilisubiri tangu alfajiri." Gari letu lilikuwa dogo kuliko lake. Swali la kwanza lilitupa adabu yake, la pili likatupa kipimo.

Makorongo ya njia ile yanaweza kuwa makavu jua linakuchoma, mara maji yakaja. Mvua imenyesha juu milimani, wewe huioni, na maji ya korongo hayatokani na wingu lililo juu ya kichwa chako. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuliinua gari dogo likaelea, na sentimita 60 yanaweza kuondoka na gari kubwa. Mkikuta korongo linatiririka, simamisheni gari mbali na ukingo, zimeni, wekeni jiwe pale maji yanapoishia na muangalie saa. Yakishuka, jiwe litawaambia. Yakipanda, geuzeni. Hakuna mlima ng'ambo ya maji unaostahili kuyavuka kwa kubahatisha.

Kwa Lengai kuna jambo jingine la kuamuliwa mapema. Mlima una mita 2,962 tu, lakini unaanza chini sana, hauna maji, hauna kivuli, na njia ni majivu na mawe yanayoteleza kwenye mteremko mkali. Ndiyo maana watu hupanda usiku wa manane, wafike juu alfajiri, washuke kabla jua halijawaka. Mvua ikinyesha usiku huo, mteremko ule si wa kuchezea. Kwa hiyo ukienda Engaresero kwa usiku mmoja tu, unakwenda kubahatisha. Nenda na usiku mbili mkononi au usiende. Sisi tulikuwa tumebakiwa na usiku mmoja.

Tukaegesha pembeni, tukala chapati na maharage kwanza, kisha tukafungua karatasi. Lengai ulikuwa mlima wake, kwa hiyo nikamwachia aseme. Alikaa kimya muda mrefu akiichezea penseli. Halafu akachora mstari juu ya Engaresero na kuandika pembeni: "Julai." Tukashika njia ya Babati.

Hanang nayo inataka tahadhari yake. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilibomoa mteremko wa mlima ule, na matope yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Wenyeji unaowakuta wamezika ndugu. Ukifika pale baada ya mvua kubwa, usibishane na mtu wa Wakala wa Huduma za Misitu akikuambia leo hapana, wala usimsumbue mwongozaji apite mabondeni ili kufupisha njia. Sisi tulisubiri siku nzima Katesh, ile siku tupu ya pili, tukianika soksi. Kesho yake anga likafunguka.

Tulianza saa kumi na moja alfajiri na saa ya kugeuka tukaipanga usiku uliotangulia: saa saba mchana, popote tulipo. Saa ya kugeuka ipangwe chini na iandikwe, kwa sababu ukiwa kwenye ule ukingo mrefu wa juu, kilele kinaonekana kama kipo hatua 20 tu, na baada ya hatua 20 kinaonekana tena. Tulifika saa sita na dakika chache, mita 3,420. Mwenzangu alikuwa mbele yangu mwendo mzima. Mwili wake ulikuwa umeshazoea mwinuko kule Meru, na hiyo ni faida ya kukumbuka mnapobadili mpangilio: kila usiku unaolala juu unakusaidia kwenye mlima unaofuata, ila faida hiyo inayeyuka ukikaa chini muda mrefu.

Gari

Barabara za kuelekea mageti huvunja zaidi kuliko barabara kuu. Shokapu yetu ya nyuma kushoto ilianza kugonga baada ya njia ya Momella, na tulipofika Babati mafuta yake yalikuwa yameshatoka yote. Fundi alisema mpya haipo mjini pale.

Ukikwama hivi, fanya mambo kwa mpangilio. Piga picha ya kifaa kilichoharibika na namba zilizoandikwa juu yake, pamoja na kadi ya gari. Tuma kwa duka la vipuri kwenye mji mkubwa ulio karibu, kwetu Arusha, na uombe kipakiwe kwenye basi kama kifurushi. Mabasi hufanya hivyo kila siku. Patana bei ya ufundi kabla boliti moja haijafunguliwa. Kifaa cha zamani usikitupe mpaka kipya kimefungwa na gari limejaribiwa. Mmoja abaki na gari, mwingine aende kutafuta chakula na malazi. Mkikaa wote wawili mnamtazama fundi, mtamkera, kisha mtakerana ninyi.

Siku ile ilituendea vizuri. Mmoja alibaki gereji asubuhi, mwingine mchana, na jioni tulitembea hadi Ziwa Babati kuwaangalia viboko.

Kanuni moja ya gari haina mjadala: usiku wa kilele haufuatwi na usukani. Mtu aliyeamka saa nne usiku, akapanda na kushuka Lengai, akafika kambini saa tano asubuhi, hana macho ya kuendesha. Mwenzake pia hana, maana walikuwa wote. Ratiba inayosema "shuka, kula, endesha mpaka Karatu" imeshavunjika tangu siku ilipoandikwa. Weka usingizi kwenye ratiba kama unavyoweka mafuta.

Namna ya kusema

Chai kwanza. Jambo lolote linaloweza kungoja dakika 20, lingoje chai.

Kisha sema ulichokiona, si unachomdhania mwenzako. "Naona hujala tangu mchana" inafungua mlango. "Wewe umeshaanza uvivu" inaufunga, na hautafunguka mpaka Dodoma. Epukeni kabisa maneno "tumetoka mbali" na "tumeshalipa". Ni kweli mmetoka mbali na mmeshalipa, lakini hayo hayabadilishi maji korongoni wala kichwa kinachogonga.

Baada ya kuamua, mpe mwenzako nafasi ya kuhuzunika. Nilipokuwa kijana zaidi nilikuwa naharakisha kufariji: "Si neno, bora uzima." Maneno mazuri, lakini yakija mapema mno yanamwambia mtu kwamba huzuni yake inakusumbua. Kutoka Makuyuni hadi Minjingu sikusema kitu. Nilizima redio, nikaendesha. Kilomita kadhaa mbele akaniambia mwenyewe habari za babu yake na mlima ule, mambo ambayo hakuwahi kunisimulia kwa miaka yote.

Na atakayeamua aseme pia nani anapiga simu zipi. Mpango ukibadilika kuna kazi ndogondogo: kumwarifu mwongozaji wa Engaresero asitusubiri, kuahirisha malazi, kuangalia akiba ya mafuta. Gawaneni. Mtu aliyepoteza mlima wake asibebeshwe na simu za kuufuta.

Walio nyumbani

Kila badiliko litumwe kwa mtu mmoja nyumbani kabla hamjatoka kwenye mtandao: tupo wapi sasa, tunakwenda wapi, tutapiga simu lini, na ukipita muda gani kimya umpigie nani. Andikeni namba ya ofisi ya hifadhi au ya mwongozaji humohumo. Aliyeachiwa ratiba ya zamani atawatafuta Lengai wakati mpo Hanang.

Siku zisizo na mlima

Siku tupu ikija, ifanyeni iwe na kitu chake. Kutoka Babati kwenda Kondoa mnapita Kolo, penye michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tulisimama pale tukiwa na miguu inayouma kutoka Hanang. Mpandisho wa kufikia mwamba si mrefu, ila ni mkali, na tuliupanda tukishikana mabega kama wazee wawili. Juu kuna watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wanyama. Mwenzangu alisimama mbele ya mchoro mmoja mpaka mtembezaji wetu akakaa chini kumsubiri.

Mkifika nyumbani

Funga hesabu ndani ya wiki moja, wakati risiti bado zinasomeka. Sisi tulipoteza malipo ya awali ya Engaresero, tukayagawa nusu kwa nusu kama tulivyokubaliana barazani, na habari zake zikaishia hapo. Bahasha ya dharura tuliirudisha ikiwa kamili, isipokuwa hela ya shokapu.

Halafu chukueni ile karatasi ya njia panda na mwandike kwa wino kilichotokea kila kituo: dereva gani alisema nini, maji yalikuwa wapi, kibanda gani kilihitaji usiku wa pili. Yetu ilirudi kwenye droo ya dashibodi. Julai tuliifungua tena Makuyuni, tukakunja kulia, makorongo yakiwa makavu, na siku ya pili saa kumi na mbili asubuhi mwenzangu alikuwa amekaa juu ya Lengai, amefunga kitambaa puani kwa ajili ya moshi, akimpigia simu mama yake ambayo haikushika. Pembeni mwa neno "Meru" bado kuna usiku mbili za Miriakamba zilizoandikwa kwa penseli.